Mazishi ya Kitaifa ya Neno Mtumwa

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya ingali ipo, nchi iitwayo Jamhuri ya Afadhali. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Heshima na Mitambo, na haina tatizo hata moja. Kila tatizo likitokea huundiwa kamati, kamati hulipatia jina jipya, na likishapata jina jipya halitambuliki tena, hata na wanaoumwa nalo. Njaa, kwa mfano, ilikwisha zamani. Kilichobaki ni "kuchelewa kwa shibe". Wapo wanaocheleweshwa mpaka wakafa, lakini takwimu zinaonyesha kuwa wakishakufa hawalalamiki.

Katika jiji kuu la nchi hiyo, Makofi, aliishi mwanamke aitwaye Siwema, fundi wa programu katika Idara ya Maji. Kazi yake ilikuwa kutunza kiendeshi cha pampu. Kiendeshi, kwa wasiojua, ni programu inayokaa kati ya kompyuta na mtambo, ikipeleka amri huku na kurudisha majibu kule. Pampu za Makofi zilikuwa nyingi, na ili zisigombane, moja ilitoa amri na nyingine zikatii. Mafundi wa zamani, watu wasiojua kupaka mafuta maneno, waliandika kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu hiyo, kwamba ile ya amri ni BWANA na zilizobaki ni WATUMWA. Ukifungua msimbo unasoma: bwana amwite mtumwa; mtumwa asiseme mpaka aulizwe; mtumwa asipojibu aitwe tena; asipojibu tena azimwe.

Siwema alisoma mistari hiyo miaka na miaka bila kushtuka. Ni maneno tu, alijiambia, na pampu hazina masikio. Kisha mdogo wake akaenda Majichumvi.

Mdogo wake huyo aliitwa Chande. Mama yao alifariki Chande akiwa bado anatambaa, na Siwema, ambaye naye alikuwa hajamaliza kukua, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Chande alikua akawa mrefu, mcheshi, mwenye ndevu za kujivunia. Akaenda kuchota chumvi kwa Tajiri Bughe msimu mmoja tu, apate mtaji wa kuanzishia genge. Msimu ukaisha, Chande hakurudi. Kitambulisho chake kilikuwa kimefungiwa kabatini kwa Tajiri. Bweni lilitiwa kufuli kila jua likizama. Mshahara ulikuwa "unaandaliwa". Aliyetoroka alikamatwa na walinzi, akasimamishwa kwenye maji ya chumvi mpaka miguu ipasuke, halafu akaulizwa kama bado ana haraka.

Habari hizi alizileta mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kule. Siwema alikwenda siku hiyohiyo Baraza la Kazi, akaapa, akaeleza: Tajiri Bughe amejifanya bwana wa mdogo wangu Chande, na Chande ni mtumwa wake. Karani akayaingiza maneno hayo kwenye kompyuta ya serikali, akamwambia aje kesho. Alipokuja kesho akaambiwa kesho. Jiji zima lilijua sababu, ila lilikuwa na adabu ya kutoisema. Tajiri Bughe alikuwa shemeji wa Waziri wa Heshima na Mitambo, Daktari Mlamali.

Tangu hapo Siwema hakuweza tena kuusoma msimbo wa pampu. Kila alipofika kwenye "mtumwa asiseme mpaka aulizwe", machozi yalimlenga. Mwishowe akaenda kwa bosi wake, Mkurugenzi Shekiondo.

"Mkurugenzi, naomba nibadilishe yale maneno mawili kwenye kiendeshi. Yananiumiza. Ni kazi ya asubuhi moja."

Shekiondo alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Siwema, mama, hapa nchini hakuna kazi ya asubuhi moja. Kuna kamati."

*

Kamati ilikaa katika hoteli ya milimani, mahali penye hewa nzuri ya kufikiria watumwa. Waziri Mlamali mwenyewe aliongoza. Siwema aliitwa aeleze mapendekezo yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilifikiria kiongozi na mfuasi."

Afisa wa Usalama aliinuka. "Kiongozi wa nchi hii ni mmoja. Je, pampu hiyo ikitoboka, redio itatangazaje? Kwamba kiongozi anavuja?"

Neno likafutwa, na kumbukumbu za mkutano zikafutwa pamoja nalo. Mwingine akapendekeza mzee na kijana. Ikakataliwa, kwa kuwa kijana anaweza kudai zamu yake. Mwingine akasema mwajiri na mwajiriwa. Hilo likazomewa na ukumbi wote, maana mwajiriwa hulipwa, na ikiwa hata pampu zitalipwa, wataishia wapi?

Walikula mchana, wakala jioni. Siwema alichoka. Akamkumbuka Chande mgongoni mwake, alivyokuwa akilala na kumlowesha bega kwa mate, na neno likamtoka bila kulipanga.

"Basi tuseme mlezi na mlelewa. Mlezi huelekeza, mlelewa hufuata, na hakuna anayemwonea mwenzake."

Watu walisimama kupiga makofi. Waziri alitoa leso. "Mlezi!" alisema, akipangusa jicho lililokuwa kavu. "Ndugu zangu, sikieni neno hilo. Neno lenye maziwa!"

Na kwa kuwa Siwema alikuwa mtu wa kawaida, ambaye hajawahi kupigiwa makofi na mawaziri, kile kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri kichwani. Aliona fahari. Tusimfiche.

*

Sasa, Waafadhali wana desturi zao, na mojawapo ni kwamba hawamwachi aliyetumikia taifa aondoke bila kuzikwa. "Neno mtumwa limetutumikia miaka mingi," Waziri alitangaza redioni. "Hatuwezi kulitupa jalalani kama ganda la muwa. Litazikwa kitaifa." Neno bwana halikuzikwa. Neno bwana lilistaafu kwa heshima, likapewa nyumba na gari.

Kamati ya mazishi ikaundwa. Turubai likafungwa uwanjani, masufuria ya pilau yakainjikwa, vitenge vikachapwa vyenye picha ya pampu inayolia. Kila mtumishi wa serikali alitoa rambirambi kwa hiari, na hiari hiyo ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara wake. Tatizo likaja moja tu: nani mfiwa? Msiba bila mfiwa si msiba, ni sherehe. Wakatazamana, kisha wote wakamtazama Siwema. Si ndiye aliyeyajua hayo maneno kwa karibu? Wakamkalisha mkekani, wakamfunika kanga kichwani, na wake za wakubwa wakapita mmoja mmoja wakimshika mkono.

"Pole, dada. Limetangulia."

"Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa."

Siwema alilia kweli. Wake za wakubwa walisifu sana jinsi alivyoijua kazi yake.

Jeneza lilipita mabegani mwa askari wanane, ndani yake mna karatasi moja yenye neno moja. Waziri Mlamali alishika kipaza sauti. "Wananchi! Wenzetu ng'ambo wanaandamana, wanagombana, wanavunja masanamu. Sisi tumekomesha utumwa kwa jeneza moja na pilau! Kuanzia leo hakuna mtumwa katika Jamhuri ya Afadhali. Anayedai yupo, na aje hapa amfukue!"

Vigelegele vikarindima. Watu wakatupa udongo kwa zamu. Siwema, kwa haki yake ya ufiwa, alipata nafasi ya kusogea karibu na Waziri.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "mdogo wangu Chande yuko Majichumvi, kwa shemeji yako. Amefungiwa. Nakuomba kwa hisani yako."

Waziri aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Dada yangu, msibani hatuzungumzi habari za mashemeji. Lakini nimekusikia. Wewe nisafishie kompyuta zote za serikali, si za pampu tu. Hayo maneno yasibaki hata kwenye kona. Ukimaliza, nampigia simu Bughe mimi mwenyewe."

Siwema aliipeleka ahadi hiyo nyumbani na kuilalia.

*

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu karatasi za Afadhali. Serikali ilikuwa imeziingiza zote kwenye kompyuta moja kubwa, iliyokaa kwenye Idara ya Maji kwa kuwa ndiko kulikokuwa na umeme usiokatika. Karatasi zenyewe ziliuzwa kwa wauza karanga. Ndiyo maana mtu wa Makofi akinunua karanga anaweza kusoma katiba, ingawa kwa vipande. Sheria zote za nchi, mashtaka yote na kumbukumbu zote za mabaraza ziliishi ndani ya mashine hiyohiyo iliyoendesha pampu.

Siwema aliandika programu ya kupita humo kote, kutafuta neno bwana na kuweka mlezi, kutafuta neno mtumwa na kuweka mlelewa. Kabla ya kuiendesha alikwenda tena kwa Shekiondo.

"Mkurugenzi, humu mna sheria. Sheria si pampu. Ukiigusa neno moja imeshakuwa sheria nyingine."

"Waziri amesema zote."

"Sheria inayopiga marufuku utumwa nayo imo humu."

"Basi itafurahi kuona imefanikiwa."

Siwema alirudi mezani, akakaa mbele ya kitufe. Hakuwa mjinga, alijua anachokifanya. Lakini alifikiri pia kwamba sheria hiyo ilikuwepo siku zote na haikumtoa Chande hata nje ya bweni, ilhali simu moja ya Waziri ingemtoa. Mfa maji haachi kutapatapa. Akabonyeza.

Asubuhi yake nchi iliamka imetakata. Bwana shamba alikuta cheo chake kwenye orodha ya mishahara kimeandikwa "Mlezi Shamba". Kwenye harusi moja bibi harusi aliulizwa kama anamkubali huyu kuwa mlezi harusi wake, na baba yake mzazi akamshika mkono akamrudisha nyumbani, akisema binti yake mlezi anaye. Viongozi wa dini waliomba waruhusiwe kubaki na Bwana wao, wakaruhusiwa baada ya kamati. Kusema "bwana we!" barabarani ikawa kosa lenye faini. Pampu peke yake hazikujua kitu. Ile iliyokuwa ikiamuru iliendelea kuamuru, na iliyoshindwa kujibu ilizimwa kama zamani. Jina jipya halikubadilisha amri.

Ila sheria, kama Siwema alivyosema, si pampu. Sheria ya kukomesha utumwa sasa ilisomeka hivi: "Ni marufuku mtu yeyote kuwa na mlelewa. Walelewa wote wako huru tangu leo, na mlezi atakayewazuia atafungwa." Msichana mmoja wa shule aliisoma kwa sauti darasani. Kufikia saa sita watoto wa Makofi walikuwa barabarani na sare zao wakiimba. Waliokuwa wameambiwa waoshe vyombo waliita polisi. Nyumba ya mayatima ilibaki tupu, na mama mlezi wa pale akapelekwa rumande kwa kosa la kuwafulia nguo.

Bunge lilikutana kwa dharura na kuifuta sheria hiyo "yenye chuki dhidi ya malezi" kabla ya chai. Hakuna aliyeuliza ilisemaje mwanzoni. Waliokuwa na nakala walikuwa wameshakula karanga.

*

Na Waziri je, alipiga simu? Alipiga. Tumpe haki yake. Alimwambia shemeji yake kwamba nchi imebadilika na asingependa kuona Majichumvi wakibaki nyuma. Tajiri Bughe akaelewa, akabadilisha kibao getini kikawa "Kituo cha Malezi Majichumvi". Kufuli la bweni lilipakwa rangi ya waridi.

Siku moja adhuhuri Siwema alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia hodi hafifu mlangoni. Alikuwa Chande, aliyekuwa ametoroka. Alikuwa amekonda mpaka ndevu zilionekana kubwa kuliko uso, na miguu yake ilikuwa imechanika, nyekundu, na mikwaruzo imejaa chumvi. Amevaa fulana mpya iliyoandikwa kifuani: NINAJIVUNIA KUWA MLELEWA.

 Alimkalisha kwenye kigoda, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kumwosha miguu kama alivyokuwa akimwosha zamani. Chande alikuwa anauma meno ili asipige kelele.

"Dada, usilie bwana," alisema, kisha akashtuka, akatazama dirishani kama kuna aliyesikia. "Samahani. Usilie tu. Kule wanasema wewe ndiye uliyetubadilishia jina. Wengine wamefurahi. Walidhani baada ya kubadilishiwa jina, miguu nayo itaachiwa iende."

"Kula kwanza. Kesho tunakwenda Baraza la Kazi. Safari hii unakwenda mwenyewe, na miguu yako wataiona."

*

Hakimu wa Baraza aliitwa Bi Rukonge, mama mpole, mnene, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Hakuwa mla rushwa. Ninalisema hili kwa sababu wasomaji wa Afadhali watakuwa wameshaanza kutabasamu. Alikuwa mtu mwema aliyefuata kilichoandikwa. Tajiri Bughe alikuwa ameshafika, amekaa mbele na kanzu safi, na mara kwa mara alimtazama Chande kwa uchungu kama mzazi aliyekosewa.

Bi Rukonge alifungua kompyuta. "Naona shauri hili lilishaletwa. Nasoma: Tajiri Bughe amejifanya mlezi wa Chande, na Chande ni mlelewa wake. Maelezo yalitolewa na Siwema, dada wa mhusika, kwa hiari yake na baada ya kuapa." Akainua macho. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Lakini sikusema mlelewa. Nilisema mtumwa."

Ukumbi uliguna. Askari wa mlangoni alivua kofia.

"Mwanangu," Bi Rukonge alisema taratibu, "marehemu hatajwi ovyo. Mimi mwenyewe nilikuwepo mazishini. Nilitupa udongo."

"Nami nilikuwepo! Nilikuwa mfiwa! Mheshimiwa, mtazame miguu. Mwambie avue viatu umtazame miguu tu."

Bi Rukonge alimtazama Chande miguu, na macho yake yakalowa kwelikweli. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. "Sheria unayoitaka ilifutwa na Bunge. Iliyobaki ni ya mayatima. Inasema mlezi atamtunzia mlelewa hati zake. Atafunga mlango jioni kwa usalama wa mlelewa. Mlelewa akitoroka, yeyote atakayempata atamrudisha kwa mlezi wake."

"Huyu ana ndevu, mheshimiwa!"

"Sheria haizungumzii ndevu."

Hapo Siwema akapandisha sauti, na yeyote aliyekuwa ukumbini siku hiyo, kama ana moyo, anaisikia mpaka leo. "Mlezi wake ni mimi! Mama yangu aliniachia mimi. Mimi nimembeba, mimi nimemlisha, mimi nimekesha naye akiugua surua. Huyu mtu amemlea nini? Amemlea kwa chumvi?"

"Uliwahi kuandikisha ulezi wako?"

"Nani anaandikisha kumlea mdogo wake?"

"Tajiri Bughe ameandikishwa," Bi Rukonge alisema, na alionekana kusikitika kwa dhati. "Tena na wewe."

 Siwema alikuwa mtu wa programu. Alijua vizuri kuliko wote mle ndani kwamba mashine haikukosea popote. Ilifanya alichoiambia, mstari kwa mstari, na hakukuwa na mwingine wa kumlaani. 

Amri ikatolewa: Chande arudi kwa mlezi wake. Dada yake akapongezwa kwa kumpata na kumleta, kama sheria inavyotaka, akaruhusiwa kumtembelea wakati wa sikukuu mlezi akiridhia. Tajiri Bughe alisimama, akafungua mikono. Gari lake lilikuwa limeshawashwa nje.

Chande alikuwa bado hajaelewa vizuri. Alimgeukia Siwema kama alivyokuwa akimgeukia tangu utotoni kila alipopotea. "Dada, sasa huyu nimwiteje? Mimi nilizoea kumwita bwana, na nasikia faini yake ni kubwa."

 Bi Rukonge ndiye aliyemjibu, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Mwite baba, mwanangu. Ndiyo adabu."

Chande alimgeukia Tajiri. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Tajiri Bughe, akamfungulia mlango wa nyuma wa gari.